Nyumba za Kiswahili za Majengo, Pumwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanairobi wengi huipita Majengo wakielekea Gikomba au Eastleigh bila kugeuza shingo. Katikati ya ghorofa na vibanda bado zimesimama nyumba za udongo zenye mabati yaliyoshika kutu, mlango mmoja wa mbele na baraza ya kukalia. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa usanifu, warithi wa nyumba zenyewe, na vijana waliozaliwa mtaani ambao hawajawahi kuelezwa walizaliwa ndani ya nini.

Nyumba ya Kiswahili ni nyumba ya namna gani?

Ukisimama mbele yake unaona ukuta mrefu, madirisha madogo huku na huku, na mlango katikati. Chini ya upenu pana baraza. Ukiingia unafuata korido inayonyooka hadi uani, na vyumba vimepangwa pande mbili, mara nyingi vitatu huku na vitatu huku, kila kimoja na mlango wake unaofunguka kwenye korido. Chumba cha kawaida ni kama futi 10 kwa 10. Uani ndiko kuliko na jiko, pa kuogea na kamba za nguo. Choo na maji, hapo mwanzo, vilikuwa vya mtaa mzima na vilijengwa na baraza la mji.

Mpango huu haukuanzia Nairobi. Utaukuta Ng'ambo ya Unguja, Kariakoo ya Dar es Salaam, Majengo ya Mombasa, Tabora na Ujiji. Ulitembea na wapagazi, askari, mafundi na wachuuzi wa njia za misafara, kisha ukapanda reli, nayo reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Wanubi wa Kibera nao walijenga nyumba za jamaa moja na hizi.

Wenye nyumba wa kwanza walitoka wapi?

Kabla ya Pumwani palikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyojiotea pembeni mwa mji: Pangani, kilichokuwa kikubwa na mashuhuri kuliko vingine, Mombasa (kijiji cha jina hilo, si mji wa Pwani), Maskini na Kaburini. Humo waliishi Waswahili wa Pwani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasomali, Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, watu wa kila upande waliofuata reli na safari. Mwaka 1902 tauni ilipoingia katika soko la Wahindi na soko lenyewe kuchomwa moto, maradhi yakawa kisingizio cha kuwatenganisha watu kwa rangi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya huku, akapendekeza kila rangi iwe na eneo lake.

Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kutokana na fikra hiyo. Viwanja vilipimwa kwa mistari, watu wa Mombasa, Maskini na Kaburini wakaamriwa kuhama, na vijiji vyao vikabomolewa. Pangani ilisalia hadi 1938 na 1939, nayo ikaangushwa. Kwa hiyo familia nyingi za Majengo zilianza historia yao ya Nairobi kwa kubomolewa. Anayezungumza na wazee wa mtaa huu kuhusu maendeleo na akaona nyuso zimekunjamana aanzie hapo.

Kwa nini walijenga kwa udongo na si kwa mawe?

Swali hili huja na huruma ndani yake, kana kwamba wajenzi hawakuyajua mawe. Waliyajua. Baadhi yao walitoka Pwani, ambako nyumba za mawe na chokaa zina karne nyingi, na Nairobi yenyewe ya mawe ilijengwa kwa mikono ya vibarua Waafrika pamoja na mafundi wa Kihindi.

Sababu ilikuwa ardhi. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia mjini: amekuja kufanya kazi, kazi ikiisha arudi kwao. Kipande, cheti cha utambulisho na kazi kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kufanya kazi 1919 na 1920, kilining'inia shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kwa maana hiyo hiyo. Asiyetakiwa kukaa hapewi hati ya kukaa. Kiwanja cha Pumwani kilitolewa kwa kibali cha muda. Ulilipa ada, ukajenga kwa fedha zako, nyumba ikawa yako, lakini ardhi iliyo chini yake ilibaki ya baraza la mji. Nani angezika akiba ya maisha yake katika ukuta wa mawe juu ya kiwanja ambacho anaweza kuambiwa akiachie? Udongo na miti vilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili: gharama ndogo, kodi inaanza kuingia mapema, na siku ya kufukuzwa unachukua mabati, milango na madirisha ukaanze tena kwingine.

Hadi leo wapo wanaoziita nyumba hizi makazi ya muda. Serikali iliyozipa jina hilo iliondoka mwaka 1963, nyumba zikabaki na watu ndani. Nadhani karne moja inatosha kuliacha jina hilo.

Zilijengwaje hasa?

Kwanza nguzo zinachimbiwa kwenye pembe na kufuata mistari ya kuta. Kisha fito zinafungwa kwa ulalo, ndani na nje ya nguzo, hadi ukuta uwe kama tenga. Udongo unakandwa kwa miguu na maji mpaka ulainike, halafu unajazwa kwa mikono katikati ya fito. Ukuta unaachwa ukauke, nyufa zinatomewa, ndipo unakandikwa upya na kupakwa chokaa. Udongo mwekundu ndio hupendwa. Ule mweusi wa mashariki mwa Nairobi hufura kwa mvua na kupasuka kwa jua, na ukuta wake haukupi usingizi.

Kwa paa, mtindo wa Pwani ulibidi ubadilike. Makuti hayapo Nairobi, na nyasi kavu katika mtaa uliosongamana ni moto unaosubiri. Watu walichukua madebe ya mafuta ya taa, wakayapasua, wakayanyoosha kwa nyundo, wakayapigilia juu ya pau yakipandiana kama magamba ya samaki. Aliyepata fedha alinunua mabati. Katika baadhi ya nyumba, mabati ya juu yanapong'olewa, bado vinaonekana vipande vya madebe ya zamani vilivyotumika kuziba. Tafadhali usivitupe. Ni ushahidi wa namna watu walivyojenga mji kwa kile kilichokuwa kimetupwa na wengine.

Nyumba hizi hazina baridi?

Julai ina baridi Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600. Ukuta wa udongo hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku, hivyo tatizo kwa kawaida ni bati. Bati lisilo na dari huchoma saa saba mchana na kugandisha saa tisa usiku. Ndiyo maana utaona dari za nguo, magunia au mbao nyembamba.

Je, ni kweli wanawake walimiliki nyumba nyingi?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu Majengo. Kufikia miaka ya 1930 na 1940 wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani, wengi wao bila mume aliyeandikwa mbele yao.

Fikiria hali ilivyokuwa. Katika jamii nyingi za bara, binti hakurithi shamba la babake. Ardhi ilipita kwa wanaume, naye akaifikia kwa kuolewa. Shambani kwa Mzungu aliitwa mke wa kibarua. Mjini, nyumba za waajiri zilijengwa kwa ajili ya wanaume. Ni vigumu kutaja mali nyingine katika Nairobi ya miaka hiyo ambayo mwanamke Mwafrika angeweza kuijenga kwa fedha zake, kuipangisha, na kuamua nani airithi. Nyumba ya vyumba sita ilimpa chumba cha kulala na vyumba vitano vya kodi. Ilimlisha uzeeni bila kumpigia mtu magoti.

Fedha za kujengea zilitoka wapi? Walipika na kuuza vyakula, walitengeneza pombe, walipangisha vyumba, walifanya biashara ndogondogo, na wengine waliuza mapenzi.

Kwa hiyo Majengo ilikuwa mtaa wa malaya?

Ilikuwa mtaa wa watu wengi, na umalaya ulikuwa sehemu ya uchumi wake. Si haki kulificha hilo, wala si haki kulifanya ndiyo habari nzima.

Nairobi ya kikoloni ilijaa wanaume waliolipwa mshahara wa mtu asiye na familia na kulazwa mabwenini. Mwanamke mwenye chumba Pumwani aliwauzia walichonyimwa: chai, maji ya moto ya kuoga, chakula, kitanda, mazungumzo, na mwili. Umbo la nyumba lilichangia namna kazi hiyo ilivyofanyika. Mlango wa chumba ulifunguka ndani kwenye korido, hivyo mwanamke alikaa chumbani mwake, mgeni akaingia kwa heshima, na majirani walikuwa hatua mbili tu ikiwa mtu angeleta fujo au kukataa kulipa. Katika miaka ya 1930 walikuja wanawake wengine, wakiwemo waliotoka Bukoba, waliokaa mlangoni wakitazama barabara na kutaja bei wazi. Wenyeji wa zamani waliona hiyo ni aibu. Ugomvi wao ulikuwa pia wa matumizi ya nyumba: kipi kifanyike barazani, kipi kibaki ndani.

Mapato yalikwenda njia tofauti. Wapo waliotuma fedha kwao zikanunua mifugo ya baba zao. Waliokata uhusiano na kwao walijenga, na ni hao waliokuja kuwa wenye nyumba.

Dunia ya utabibu inaijua Majengo kwa sababu nyingine. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake wa kazi hiyo mtaani, na baadhi ya wanawake wakaonekana hawaambukizwi virusi vya UKIMWI licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi. Wanawake wale wameipa sayansi mengi. Wanastahili kutajwa kwa shukrani, wala si kwa kunong'onwa.

Dini ina nafasi gani katika historia ya nyumba hizi?

Kubwa. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wanawake wengi waliofika bila ndugu walisilimu. Uislamu uliwapa jina jipya, jamaa, na watu wa kuwazika. Makaburi ya Waislamu ya Kariokor hayako mbali. Uliwapa pia sheria inayotambua kwamba mali ya mwanamke ni yake mwenyewe. Asiye na mtoto alilea binti wa kumtunza, au akaacha nyumba kuwa wakfu. Hapo ndipo kesi nyingi za mirathi zinapoanzia hadi leo: mtoto wa kulea anadai alichoahidiwa kwa mdomo, na jamaa wa mbali anafika na daftari la ukoo.

Msikiti wa Riyadha ndio moyo wa mtaa, na wakati wa Maulidi utaelewa ninachosema. Wakristo nao wapo tangu zamani, na kanisa la Mtakatifu Yohana liko papo hapo Pumwani.

Maisha ya kila siku yalikwendaje ndani ya korido moja?

Baraza ni ya wanaume jioni na ya wazee mchana kutwa: kahawa, bao, habari za mji, usuluhishi wa ugomvi. Korido ni ya wote na haina mwenyewe, ndiyo sababu zamu ya kuifagia huleta maneno. Uani ni kwa wanawake. Huko watoto huogeshwa, nywele husukwa, na chumvi huombwa kwa jirani. Mwenye nyumba kwa kawaida alichukua chumba cha mbele, ambako humwona kila anayeingia na kutoka. Mpangaji mwema aliitwa mwanangu, hata kama alitoka Kitui na mwenye nyumba alitoka Kisumu. Lugha ya korido ilikuwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo pekee iliyowaunganisha watu wa vyumba vyote sita. Watoto walioikulia korido hiyo, pamoja na wenzao wa mitaa mingine ya Eastlands, ndio waliokuja kuichezea lugha hiyo hadi ikazaa Sheng.

Nazungumza kwa mapenzi, lakini sisahau dhiki. Familia ya watu saba katika futi 10 kwa 10 ni dhiki. Choo cha mtaa usiku wa mvua ni dhiki, na kwa mwanamke ni hatari pia.

Tofauti yake na Kariokor, Shauri Moyo au Kaloleni ni ipi?

Mjenzi. Kariokor ilikuwa kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha baraza la mji likajenga hapo mabweni ya wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa kupokea waliobomolewa Pangani. Kaloleni ni ya miaka ya 1940, yenye bustani na ukumbi wake maarufu wa mikutano ya siasa. Zote zilichorwa na ofisi ya mji na kupangishwa na ofisi ya mji. Majengo, ofisi ilipima viwanja tu, wenyeji wakajenga. Kwa aliyehamishwa Pangani, kuingia Shauri Moyo kulimaanisha kutoka kuwa mwenye nyumba na kuwa mpangaji wa serikali. Ukitazama ramani hutaliona badiliko hilo, na ndilo lililoumiza.

Nini kilitokea wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau?

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini au kurudishwa maeneo yao. Pumwani haikusazwa. Mwenye nyumba aliyeishi kwa kodi ya vyumba vitano angeweza kuamka na vyumba vitupu.

Kuna sheria inayoweza kuzilinda?

Ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamruhusu waziri anayehusika kulitangaza jengo kuwa turathi ya kihistoria inayolindwa katika Gazeti Rasmi. Shida ni mazoea yetu. Tukisikia turathi tunafikiria mawe: majumba ya walowezi kule Karen, benki za Barabara ya Kenyatta, kituo cha reli. Nyumba ya udongo tunaiona kama kitu cha kuondolewa ili turathi ionekane.

Hata hivyo, kuhifadhi si kumwambia bibi wa miaka themanini aendelee kukaa kwenye nyumba inayovuja ili sisi tupige picha. Wakazi wana haki ya makazi bora chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010. Ghorofa zilizokwisha kujengwa Pumwani zilileta malalamiko kuhusu nani alipata na nani alikosa, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi: aliyemiliki nyumba nzima yenye kodi hafidiwi kwa kupewa fleti moja ya kulala. Mpango wowote wa kujenga upya uanze kwa kuandika nani ana nyumba ipi, aliipata kwa nani, na wapangaji wake ni akina nani. Nyumba chache zinazosimama vizuri zipimwe, zichorwe na kukarabatiwa zikiwa na watu ndani.

Naweza kuja kuziona?

Karibu, lakini kumbuka ni nyumba za watu. Tafuta kijana au mzee wa mtaa akutembeze katika Digo, Sofia na Mashimoni, na umlipe. Piga hodi barazani, toa salamu, ungoje uitikiwe. Mwanamke mzima muite Mama, mzee muite Bibi au Mzee. Mwanamume asiingie uani bila kukaribishwa. Usipige picha ya nguo za watu, watoto au choo. Ijumaa adhuhuri waache watu waende msikitini.

Nimerithi nyumba ya udongo. Niitengeneze vipi?

Fundi wa kwanza utakayemwita atakuambia upige plasta ya saruji nje ili ikae kisasa. Mkatalie kwa upole. Saruji ni ngumu na udongo hucheza, kwa hiyo baada ya misimu michache nyufa zinatokea, maji ya masika yanaingia nyuma ya plasta, yanakosa pa kutokea, na nguzo zinaoza kimyakimya. Siku plasta inapoanguka, inaanguka na nusu ya ukuta. Tumia udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, kisha upake chokaa.

Anza na paa kabla ya ukuta. Upenu utoke angalau futi 2, kwa sababu adui mkubwa wa ukuta huu ni mvua inayorushwa chini na kuurukia. Chimba mtaro wa kuondoa maji. Chini, ambako nguzo imeoza, fundi ategemeze paa kwa miti, akate sehemu iliyooza, na ajenge msingi mfupi wa mawe ya Ndarugo ili nguzo mpya ikae juu ya mawe badala ya udongoni. Kagua mchwa kila baada ya mvua. Weka dari.

Na kabla hujagusa chochote, tafuta karatasi zote za kiwanja, risiti za ada za zamani na cheti cha mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine iliyohusika, uvitolee nakala na kuweka nakala hizo nje ya nyumba. Moto ukipita Majengo hauchagui, na mwenye karatasi ndiye anayeweza kujenga tena mahali pale pale.